Ya Moyoni Hungoja Kahawa

Watu wa Biashara Street wakinitaja husema, "yule kijana wa cherehani, yule mcheshi." Sijui nani alianza. Kazi yangu ni kupinda leso, zile ambazo wengine huziita kanga. Mtu akishanunua leso zake dukani hutoka nazo mpaka kibarazani kwangu, akanipa nizikate ziwe mbili, nizipige upindo huku na huku, naye amesimama papo hapo akingoja. Na mtu anayengoja hupenda kuchekeshwa. Basi nilijifunza kuchekesha kama nilivyojifunza kutia uzi kwenye sindano, kwa kufanya kila siku, mpaka mdomo ukazoea kwenda bila ya kuniuliza.

Cherehani ya pili ni ya mzee mmoja ninayemwita Ami, ingawa si ndugu ya baba yangu wala ya mtu yeyote wa kwetu. Yeye hushona kanzu na buibui, kazi ya heshima, na pindo zangu huzitazama kwa jicho la huruma.

"Weye mdomo wako wenda mbio kuliko mashine," huniambia. "Ukioa, mkeo atataka pamba. Si ya kushonea mto, ya kuziba masikio."

"Pamba n'tamnunulia mimi, Ami. Iwe ndiyo mahari."

Tukacheka, na mwenye leso akacheka, na mwenye duka akatoa kichwa kuuliza twacheka nini. Mchana mzima huwa hivyo. Kisha milango ya maduka hushushwa, nami nikafunika cherehani yangu na kitambaa chake, nikashika njia kurudi Mji wa Kale.

Nakaa chumba cha juu, nyuma ya Ndia Kuu, katika nyumba ambayo ngazi zake zimekuwa laini katikati kwa kukanyagwa na watu wa zamani. Chumba hicho nilikaa na nyanya yangu tangu mama alipokwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba. Nyanya alikufa. Nikabaki mimi, kitanda changu, na kitanda chake ambacho sikujua nikifanye nini, nikawa nakiwekea nguo zilizokauka. Nyanya alinifundisha kwamba mtu huingia nyumbani kwa salamu hata nyumba ikiwa tupu. Mpaka leo nafanya hivyo. Nafungua mlango nasema, "Assalamu alaikum," na kwa kuwa hakuna wa kuniitikia hujiitikia mwenyewe, kwa sauti ya chini kidogo, isije ikafanana mno na ile ya kwanza.

Alinifundisha na jambo jingine. Siku moja alikuja mwanamke wa mtaa wa pili kututembelea. Nyanya akamuuliza hali, njema. Watoto hawajambo? Hawajambo. Baba yao je? Hajambo, alhamdulillahi. Nikaleta kahawa. Wakanywa taratibu, wakazungumzia joto, wakazungumzia bei ya unga. Mgeni alipoweka kikombe chake chini ndipo aliposema, kwa sauti ile ile, "Baba yao tumemlaza hospitali. Hatujui kama ataamka." Akalia, na nyanya akamshika mkono kama aliyekuwa akingoja tangu mlangoni.

Mgeni alipoondoka nikamwambia nyanya, "Lakini alisema hajambo!"

"Mtu akikuuliza hali, wamshukuru Mungu kwanza," nyanya akasema. "Hiyo ni salamu, si habari. Ya moyoni hungoja kahawa."

Siku ninazozisimulia hapa nilikuwa na jambo nililomficha kila mtu. Niliamini kwamba kichwa changu kimeharibika. Mara ya kwanza niliona mzaha. Mama mmoja alinirudia kibarazani na leso zake, uso umekunjwa, akazitandaza juu ya mashine yangu. "Mwanangu, hini umeipinda ukairudia tena, na hini hukuigusa. Kwani mimi huvaa nusu?" Nikamwambia ile ya kwanza nimeipenda mno nikashindwa kuiacha. Akacheka, nikamtengenezea. Lakini kusahau kukazidi. Nikawa nikiambiwa jambo sasa hivi, sasa hivi nalitafuta silioni. Nikapika wali bila chumvi nikaumaliza ndipo nikakumbuka kuna kitu duniani kinaitwa chumvi. Nikasimama kwenye pembe ya Ndia Kuu na mkoba mkononi, watalii wakinipita na kofia zao, nami sijui kama natoka ama naenda. Muuza vinyago mmoja akaniuliza, "Vipi, kaka, umepotea kwenu?" Nikamwambia namngojea mchumba. Akanipigia makofi.

Na haya yote yaliniuma kwa sababu moja. Tangu utoto ninataka kuchora leso. Si kuzipinda, kuzichora. Karatasi ya kufungia uzi ikitupwa mimi huiokota, nikachora pindo lake pembeni, mji wake, ule uwanja wa katikati, na pale pa jina nikaacha wazi mpaka maneno yaje. Nina mfuko mzima chini ya kitanda cha nyanya. Karibu na Buxton kuna chuo, nacho kina masomo ya jioni ya kuchora vitambaa kwa kompyuta. Nilishakwenda kuuliza. Mwalimu mmoja akanitazamia michoro yangu, akasema nirudi nihojiwe, nitapewa na hesabu kidogo nifanye, ni mambo ya kawaida. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Nikatoka pale nikiruka. Kisha nikaanza kusahau, na kila asubuhi nikawa najiambia nitakwenda kesho, kwa kuwa mtu asiyekumbuka chumvi ataulizwa hesabu ajibu nini?

Ndipo akaja yule dada wa utafiti.

Alikuwa mtu wa bara, msichana wa makamo yangu au amenizidi kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha shuleni, kila neno limepigwa pasi. Alimnunulia mamake leso, akaniletea nizipinde. Katika kungoja akatueleza kazi iliyomleta Mombasa.

"Tunataka kujua kama uwezo wa mtu wa kukumbuka na kufikiri unahusiana na afya yake ya akili," akasema. "Huzuni nzito, wasiwasi, mambo kama hayo. Tunawapima watu wa Buxton na wa Mji wa Kale, kisha tunaweka majibu yao yote katika modeli ya takwimu."

"Mwapima akili?" Ami akainua miwani. "Basi mchukueni huyu, hamtachelewa. Yake ni ndogo, yapimika upesi."

Nilicheka kuliko wote. Lakini mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani. Nilifikiri: hawa ni watu waliosoma, wana vipimo. Wakinipima nitajua kama kichwa hiki ni cha kwenda nacho chuoni, ama ni cha kuvalia kofia tu. Nikamuuliza ni wapi na saa ngapi, kisha nikamuuliza tena, maana ile ya kwanza ilikuwa imeshatoroka.

Walikuwa wamepewa chumba kwenye ukumbi wa mtaa, upande wa Buxton. Chumba kina meza, viti viwili, feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulazimishwa. Nilivaa shati langu la Idi. Dada akaniuliza kama nimekubali kwa hiari yangu, nikasema nimekubali. Akaniambia jina langu halitaandikwa popote, nitakuwa namba tu. Hilo halikunifurahisha kama alivyodhani.

Tukaanza. Alinisomea maneno, moja moja, polepole, nami nikatakiwa kuyarudisha. Yalikuwa maneno ya kawaida, vitu vya nyumbani, wanyama. Nikayarudisha ya mwisho, nikakumbuka moja la mwanzo, ya katikati yakawa kama sarafu zilizoanguka kwenye mtaro: nazisikia zikilia, sizioni. Akanipa tarakimu nizitaje kinyumenyume. Zilipokuwa chache niliweza. Zilipoongezeka nikatia mzaha, nikasema, "Dada, mimi ni fundi wa kwenda mbele, cherehani yangu hairudi nyuma." Akatabasamu, akaandika kitu kwenye tableti yake. Akanionesha maumbo nitafute linalokosekana. Hapo nilifanya vyema kidogo, mato yangu yamezoea mapambo ya leso. Kisha akaniuliza yale maneno ya mwanzo tena, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba kulikuwa na maneno.

Jasho lilinitoka mpaka shati la Idi likanishika mgongoni.

"Umefanya vizuri," dada akasema, kama wanavyosema. Akageuza kurasa kwenye tableti. "Sasa hali yako, kaka. Siku hizi unaendeleaje? Umekuwa ukijisikia mnyonge, bila furaha?"

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Usingizi?"

"Alhamdulillahi, twashukuru."

"Umekuwa ukijiona huna thamani, au umewaangusha watu wako?"

"La, dada. Sote hatujambo."

Wallahi sikuwa nadanganya. Ningelikuwa nadanganya ningelijisikia. Mdomo wangu ulijibu ulivyolelewa. Dada yule alikuwa mgeni, tena mwanamke, tena ameniuliza hali, na mtu akikuuliza hali wajua la kusema. Kila aliponiuliza nilishukuru, naye kila niliposhukuru alibonyeza. Alipomaliza akasimama, akanipa mkono, akanipa na chupa ya maji. Nilikaa bado kitini kidogo. Nilikuwa nangojea kitu, na sikujua nangojea nini. Akaingia mtu mwingine.

Nikarudi kwa miguu. Nilipofika chumbani nikautoa ule mfuko wa michoro chini ya kitanda cha nyanya. Sikuichana, mimi si mtu wa kuchana. Niliufunga mfuko kamba, nikaupandisha juu ya kabati, mahali ambapo mtu lazima apande kitu ndipo afike. Nilikuwa nimepimwa na waliosoma, nimelijua jibu langu. Nikasema, basi, fundi wa pindo nitakuwa, na si kazi mbaya, pindo ndilo linaloshika leso isifumuke. Nikajipa moyo hivyo nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho changu, na chumba kizima kikinisikiliza.

Mama hupiga simu Ijumaa baada ya swala, tajiri wake akilala mchana. Sauti yake huja kwanza, picha ikafuata ikiwa imekatika katika, siku nyingine naona paji lake tu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wala hapana neno?"

"Hapana neno. Nawe?"

"Mimi mzima, alhamdulillahi. Wala?"

"Vyema. Kazi?"

"Kazi njema. Na chuo, umekwenda?"

"N'takwenda, inshallah."

Hapo mtoto wa tajiri huamka akalia, na mama huniambia haya mwanangu, nikaona kiganja chake kinakuja kwenye kioo, basi. Miaka imepita twazungumza hivyo, na tulikuwa hatujapata kuvuka mlango wa salamu.

Nilikuwa nimeshajizoesha kutoutazama ule mfuko pale juu, dada wa utafiti alipopita tena Biashara Street kutualika. Kazi imekwisha, akasema, wamekuja kuturudishia matokeo, maana si adabu kuchukua maneno ya watu ukaenda nayo. Sikutaka kwenda. Ami ndiye aliyenikokota, kwa kuwa alisikia kutakuwa na sambusa.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Buxton walikaa upande mmoja, wa Mji wa Kale upande wa pili, hakuna aliyewapanga. Dada akarusha picha ukutani kwa mashine. Zilikuwa nukta, nyingi kama mtama uliomwagika, na mstari mmoja mwekundu umepita katikati yake.

"Kila nukta ni mtu," akasema. "Nukta ikiwa juu, mtu huyo alikumbuka mengi. Ikienda kulia, mtu huyo ana huzuni zaidi. Hawa ni wa Buxton. Mnaona mstari unavyoshuka? Kwa jumla, waliokuwa na huzuni zaidi walikumbuka kidogo zaidi."

Mama mmoja wa Buxton akauliza huzuni wameipima vipi, na haiwekwi kwenye mizani.

"Haiwekwi," dada akakubali. "Kwa hivyo tunauliza maswali mengi madogo. Usingizi, chakula, machozi. Kisha modeli inatafuta kile kitu kimoja kilichojificha nyuma ya majibu yote. Ni kama ukiwa chini unasikia nyayo darini. Humwoni mtu. Unasikiliza hatua zake, unakisia ni nani anatembea huko juu na amebeba nini."

Hilo nililipenda. Nikafikiri juu ya ngazi zetu, na nyayo za nyanya nilizokuwa nikizijua tangu akiwa mlangoni.

"Na modeli haisemi nani anamvuta mwenzake," akaendelea. "Pengine huzuni inakula kumbukumbu. Pengine mtu anasahau sahau, ndiyo anahuzunika. Pengine kuna kitu cha tatu, kama kukosa usingizi, kinachovivuta vyote viwili. Sisi tumeona tu vinatembea pamoja." Akabadilisha picha. "Sasa hawa ni wa Mji wa Kale."

Nukta zote zilikuwa zimelundikana upande wa kushoto, upande wa wasio na huzuni, kama watu waliokimbilia kivuli. Za juu zilikuwako, za chini zilikuwako. Lakini kulia kulikuwa kweupe. Mstari haukuwa na pa kwenda.

"Kwa hivyo kwetu hapana mwenye huzuni?" Ami akasema kwa sauti. "Alhamdulillahi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na upande wa Buxton wakatupigia makofi. Kisha kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Nilitazama upande wetu. Nilimwona mjane anayeuza viazi karai karibu na nyumba yetu, nikamwona mzee ambaye wanawe wote wako ng'ambo. Sote tulikuwa tukiitazama ile chungu ya nukta, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Ndilo linalotutatiza," dada akasema polepole. "Wenzangu na mimi tumelizungumza sana. Ama ni kweli, na tunawaonea wivu. Ama tumeuliza vibaya. Karibu kila mtu aliniambia alhamdulillahi, nami kila nilipoisikia niliandika hapana huzuni. Nafikiri nilikosea. Lakini sijui ningefanyaje. Naomba mnifundishe."

 Watu waliinuka wakaenda kwenye sambusa.

Nje ya ukumbi palikuwa na muuza kahawa na dele lake, birika la shaba, anagonga vikombe vyake vikilia. Dada alitoka amebeba mashine yake na nyaya zake, uso wake umechoka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Dada, keti. Kunywa kahawa."

"Nina kazi, kaka."

"Kazi ndiyo hii."

Akaketi kwenye benchi. Nikamnunulia kikombe na kashata, nikajinunulia na mimi. Akaonja, akakunja uso kwa ule uchungu, akauma kashata upesi, nikamcheka. Tukanywa. Nikamuuliza mamake zile leso alizipenda? Alizipenda, kaenda nazo kanisani. Muuza kahawa akatujazia tena. Ami alipita na sambusa zake kwenye karatasi, akatuona, akafungua mdomo atie neno. Sijui aliona nini kwangu, akaufunga akaenda zake.

Nikaweka kikombe chini.

"Hivyo ndivyo ungalifanya," nikamwambia. "Ungaliuliza sasa."

Dada aliniangalia. Kisha akakitazama kikombe chake, na nikaona amefahamu, maana aliguna kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.

"Kwa hivyo siku ile," akasema, "uliponijibu..."

"Nilikusalimia, dada. Sikuwa nimekujibu." Nikajaribu kucheka. "Niambie jambo moja. Katika zile nukta, ile ya chini kabisa ni mimi?"

"Hata mimi siwezi kujua ni nani. Majina hatuna."

"Lakini n'likuwa tini. Unakumbuka. Kichwa changu kimeharibika, sivyo? Nambie tu. Kuna chuo nataka kwenda, na kama kichwa ni kibovu nisiwasumbue walimu."

Dada akavitia vyombo vyake vyote tini ya benchi, akageuka kunikabili.

"Kaka, sikiliza. Modeli yangu haikujui. Inawajua watu wengi wakiwa pamoja, kama vile mtu anayeujua mji bila ya kumjua mwenye nyumba. Haiwezi kutazama nukta moja ikasema huyu afanye hivi, huyu asisome. Na kile kipimo ni cha asubuhi moja, na wewe ulikuwa unatoka jasho." Akaweka kikombe chake kando. "Unalala?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Nikikumbuka." Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulianza kusahau lini?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa mzaha, na mzaha haukuja.  Nilikuwa nakumbuka ile leso niliyoipinda nikairudia, na nikakumbuka kwamba siku hiyo nilikuwa nimetoka kugawa nguo za nyanya. Mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa ndani yangu muda wote huo, kila moja kwenye chumba chake, na sikuwa nimepata kuyakalisha pamoja.

"Nyanya alipokufa," nikasema. "Tangu hapo."

Kisha nikamwambia. Nikamwambia juu ya kitanda. Nikamwambia juu ya salamu ninazojiitikia kwa sauti ya pili. Nilisema maneno mengi, na hakuna hata moja lililokuwa la kuchekesha, na yeye hakubonyeza kitu popote. Muuza kahawa alikuwa ameacha kugonga vikombe.

"Mimi si daktari," akasema nilipomaliza. "Siwezi kukuambia una nini, na ningekuwa mwongo nikijaribu. Lakini mtu anaweza kusahau kwa sababu amebeba kitu, si kwa sababu chombo kimetoboka. Kuna mshauri kwenye zahanati hapa mtaani, anasikiliza watu, halipwi. Utakwenda?"

"Inshallah."

"Ile inshallah ya kweli au ile ya adabu?"

Alikuwa ameanza kutujua. "Ya kweli," nikasema.

Aliondoka Mombasa wiki hiyo hiyo. Alipita kibarazani kuniaga, akasema watarudi kuuliza upya, na safari hiyo wataweka kahawa kwenye bajeti. Ami akamwambia wasisahau na kashata, kisha akaniuliza pole pole, dada ameshakwenda, "Weye, u mzima?" Nikamwambia alhamdulillahi. Akanitazama juu ya miwani yake, akasukuma kitu kwa mguu kuelekea kwangu. Kilikuwa chupa yake ya kahawa. "Basi n'takuuliza tena," akasema, akarudi kwenye kanzu yake.

Ijumaa ilipofika nilipanda kiti nikaushusha ule mfuko juu ya kabati. Niliondoa nguo kwenye kitanda cha nyanya, nikaitandaza michoro yangu pale, mmoja mmoja, kitanda kikajaa rangi. Nikachemsha kahawa. Nikakaa nikingoja.

Simu ikalia. Paji la uso likaja.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wala hapana neno?"

Nilifungua mdomo kusema hapana neno, nao ulikuwa tayari kwenda peke yake. Nikaushika.

"Mama, una kahawa hapo?"

"Kahawa? Nna chai ya tajiri aliyoibakisha, imepoa. Kwani?"

"Inywe. Mimi nakunywa yangu. Nakungojea."

"Mwanangu, una nini weye?"

"Inywe kwanza, mama."

Picha ikatikisika. Nikaona mkono wake, nikaona ukuta mweupe wa jikoni kwa watu, nikamsikia anameza. Nami nikameza.  Kisha nikasikia kikombe kinawekwa juu ya kitu kigumu.

"Haya, nimekunywa," mama akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mlangoni. "Sema."

"Mama, mimi si mzima. Tangu alipokufa nyanya si mzima. Nasahau kila kitu. Chuo sikwenda kwa kuogopa."

Sikuona uso wake wote, niliona jicho moja na shavu. Jicho lile likajaa.

"Wala mimi," akasema. "Wala mimi si mzima, mwanangu. Sikuweza hata kuja kumzika."

Tukalia, kila mtu na nchi yake. Sikujiona mjinga. Nikamweleza na habari za dada wa utafiti, na za yule mshauri wa zahanati anayesikiliza watu. Baadaye akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaniuliza kitanda kina nini mbona naona rangi. Nikaigeuza simu nikamwonesha michoro. Akataka niisogeze. Akasema ile ya pindo la mkungu wa ndizi, hiyo angeivaa.

"Jumatatu nenda," akasema. "Ukishindwa na hesabu, umeshindwa na hesabu. Watu hushindwa na hesabu."

"N'takwenda."

"Na kwa huyo wa kusikiliza watu?"

"Huko nimeshakwenda, mama. N'tarudi."

Ndani ya nyumba ya tajiri mtoto akaanza kulia. Nikaona kiganja kinakuja kwenye kioo kama siku zote, nikajiandaa kubaki na chumba changu. Kiganja kikasimama.

"Ngoja nimtazame," mama akasema. "Nisubiri. Usikate."

Akaiweka simu juu ya meza, nikabaki natazama dari ya jikoni kwao na taa yake. Nilisikia nyayo zake zinakwenda, zinakuwa ndogo. Nikanywa kahawa iliyobaki. Mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena. Sikukata.